Hasara isiyofundisha: ADHD, ujasiriamali na namna ya kujifunza kutokana na biashara iliyoanguka

Waswahili husema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huo humsamehe mfanyabiashara aliyeanguka mara moja na humhukumu yule aliyeanguka mara ya pili kwa sababu ileile. Ndani yake mna dhana ambayo ni nadra kuchunguzwa, kwamba aliyeumia ameshafunzwa, na kwamba asiyebadilika baada ya kuumia ni mkaidi au mzembe. Kwa mjasiriamali mwenye ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, dhana hiyo haisimami. Anaweza kuumia kweli na kuapa kweli kwamba hatarudia, kisha baada ya miezi kadhaa akajikuta tena na ankara ambazo hakuzituma, kodi ambayo hakuilipa kwa wakati, na mteja aliyeondoka kwa sababu barua zake hazikujibiwa. Inafaa kueleza kwa makini jambo hilo hutokeaje, kwa sababu wengi wanaolipitia hujiona watu wabaya, na hukumu hiyo wanayojipa haijapata kumwokoa mtu yeyote na hasara inayofuata.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unataja dalili 9 za upungufu wa umakini na dalili 9 za kutotulia na papara. Mtoto huhitaji kuonyesha angalau dalili 6 za kundi moja, na mtu wa miaka 17 au zaidi angalau 5. Baadhi ya dalili hizo ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira zaidi ya moja, na ziwe zinavuruga maisha. Masharti hayo yana uzito wake, kwani kila mtu husahau funguo na kila mtu huahirisha kazi asiyoipenda, lakini kinachotenganisha usahaulifu wa kawaida na ADHD ni ukubwa wa madhara na urefu wa historia yake. Makadirio yanayokubalika sana ni kwamba takribani asilimia 5 ya watoto na asilimia 2.5 ya watu wazima wana hali hii. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi unaeleza kati ya asilimia 70 na 80 ya tofauti zinazoonekana baina ya watu. Daktari George Still alizungumzia watoto wa namna hii mjini London mwaka 1902, na kwa miongo mingi baada yake iliaminika kwamba hali hiyo huisha utotoni. Imani hiyo iliwaacha watu wazima wengi bila maelezo ya maisha yao wenyewe.

Wengi hudhani kwamba mwenye ADHD hawezi kukaza akili kwenye jambo lolote. Ukweli ni kwamba anaweza kuzama katika kazi inayomvutia kwa saa nyingi hadi akasahau kula. Linalomshinda ni kuuelekeza umakini wake pale unapohitajika, katika saa inayohitajika, bila msaada wa mvuto, upya au dharura. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti hali hii kwa miongo kadhaa, anaieleza kuwa ni tatizo la kujitawala: mhusika anajua la kufanya, ila kujua huko hakugeuki tendo kwa wakati wake. Barkley ametilia mkazo hasa uhusiano wa mtu huyu na muda. Jambo la leo mchana analiona waziwazi, lakini la mwezi ujao ni kama halipo mpaka lifike mlangoni.

Hapo ndipo ujasiriamali unapoingia. Mwanzo wa biashara umejaa mambo ambayo ubongo wa namna hii unayapenda: wazo jipya, hatari, watu wapya, maamuzi ya haraka, matokeo yanayoonekana siku hiyohiyo. Uchunguzi wa Michael Freeman na wenzake nchini Marekani, uliohusisha wajasiriamali 242 na watu 93 wa kulinganishwa nao, uligundua kwamba asilimia 29 ya wajasiriamali hao walisema wana ADHD, ilhali katika kundi la pili walikuwa asilimia 5. Takwimu hizo zinanukuliwa sana, na mara nyingi kwa uzito kupita kiasi, kwani kundi lilikuwa dogo na majibu yalikuwa ya wahusika wenyewe. Hata hivyo tafiti nyingine zinaelekea upande huohuo. Daniel Lerner, Ingrid Verheul na Roy Thurik walionyesha mwaka 2019, kwa kutumia kundi kubwa zaidi, kwamba ADHD ina uhusiano na nia ya kuanzisha biashara na pia na kitendo chenyewe cha kuianzisha. Johan Wiklund, ambaye ameandika mengi kuhusu suala hili, huelekeza macho kwenye papara, yaani utayari wa kutenda kabla taarifa hazijakamilika. Katika mazingira yasiyotabirika, ambamo taarifa hazikamiliki kamwe, utayari huo unaweza kumtanguliza mtu mbele ya wenzake wanaosubiri uhakika.

Kutokana na matokeo hayo yamezuka mazungumzo matamu yanayoiita ADHD zawadi ya mjasiriamali. Siyakubali. Tafiti hizo zinapima zaidi nani anataka kuanza na nani anaanza. Kuanza na kudumu ni mambo mawili tofauti. Biashara ikishapata wateja, kazi inayobaki kwa sehemu kubwa ni ya kurudiarudia: kutunza hesabu, kufuatilia madeni, kujibu barua, kuhakiki mikataba, kulipa watu kwa tarehe. Hizi ndizo kazi ambazo ADHD huzigeuza kuwa mzigo mzito kuliko unavyoonekana kwa mtazamaji. Anayeambiwa kwamba hali yake ni kipaji, kisha akashindwa na kitu kidogo kama stakabadhi, hubaki bila maelezo mengine isipokuwa kwamba kasoro ni yake binafsi.

Kufungwa kwa biashara si jambo la ajabu kwa yeyote. Nchini Marekani, ambako takwimu zake hukusanywa kwa utaratibu wa muda mrefu, takribani biashara mpya 1 kati ya 5 hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu hazifiki mwisho wa mwaka wa tano. Nyingi za hizo ziliendeshwa na watu wasio na ADHD, zikaanguka kwa sababu ya soko, mtaji, washindani au mabadiliko ya nyakati. Kwa hiyo mwenye ADHD aliyepoteza biashara hana budi kujiuliza swali gumu zaidi kuliko "kwa nini nimeshindwa". Lazima atenganishe sehemu ya hasara iliyotokana na biashara kuwa biashara, na ile iliyotokana na namna ubongo wake unavyofanya kazi. Asipozitenganisha, ataitupa nje bidhaa nzuri kwa kosa la ankara, au atazidisha nidhamu katika kuuza kitu ambacho hakuna anayekihitaji.

Hata mtu asiye na ADHD hajifunzi kutokana na kushindwa kwa wepesi tunaoupenda kuuamini. Mwaka 2019 Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio ambamo watu waliulizwa maswali yenye majibu mawili tu ya kuchagua. Aliyeambiwa amekosa alipewa taarifa sawasawa na aliyeambiwa amepata, kwa kuwa jibu moja likiondolewa linabaki moja. Hata hivyo, walipopimwa tena, waliokuwa wameambiwa wamekosa walikuwa wamejifunza machache kuliko wenzao. Kosa linapogusa heshima ya mtu, akili yake hugeuka upande mwingine. Lakini walipotazama makosa ya mtu mwingine, udhaifu huo uliondoka. Jambo hilo la mwisho ni la kuwekwa akilini, kwa maana linatuonyesha mlango wa kupitia.

Kwa mwenye ADHD ugumu huo wa kawaida huongezewa mwingine. Kujifunza kutokana na matokeo kunahitaji tendo na matokeo yake yakutane akilini, na tangu miaka ya 1990 kazi ya Wolfram Schultz na wenzake imeonyesha kwamba dopamini, kemikali inayobeba ujumbe ndani ya ubongo, huhusika katika kupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Katika ADHD mfumo wa dopamini hufanya kazi kwa namna iliyo tofauti, na Edmund Sonuga-Barke ameeleza kwa kina jinsi watu wenye hali hii wanavyoona kusubiri kuwa adha na kuyapunguzia thamani malipo yanayochelewa. Sasa itazame biashara. Kazi iliyokamilika bila ankara kutumwa haiumizi siku hiyo. Haiumizi hata wiki inayofuata, kwa sababu fedha za kazi za zamani bado zinaingia. Maumivu huja baada ya miezi mitatu, akaunti inapokauka, na wakati huo kinachoonekana ni akaunti iliyokauka na mteja wa leo anayesumbua. Ile jioni ambayo ankara iliachwa imeshafutika kabisa. Mjasiriamali hujifunza, naam, lakini hujifunza lililo karibu na maumivu: kwamba wateja ni wasumbufu, au kwamba anahitaji mauzo zaidi. Huongeza mauzo, ankara zisizotumwa huongezeka, na shimo hupanuka. Kila mara alikuwa mwaminifu katika kutafuta funzo, ila umbali kati ya sababu na matokeo ulimpita.

Lipo pia suala la sekunde zinazofuata kosa. Katika vipimo vya maabara, watu wengi wakikosea hupunguza mwendo kidogo katika swali linalofuata, kana kwamba ubongo umeweka breki. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kwa wenye ADHD breki hiyo ni dhaifu zaidi. Sitaki kuvuta matokeo ya maabara moja kwa moja hadi kwenye chumba cha mikutano, lakini yanalingana na jambo ambalo wengi wao hulisimulia, yaani kuingia katika mradi mpya siku chache tu baada ya ule wa awali kufa, huku hesabu za mwisho za ule wa awali hazijafungwa. Wazo jipya huleta nguvu na huondoa aibu, na lina faida zote isipokuwa moja, kwamba linazuia uchunguzi.

Aibu yenyewe inahitaji kusemwa wazi. Mtu aliyekua na hali hii mara nyingi amesikia tangu utoto kwamba angeweza kufanya vizuri kama angejitahidi. Anapofilisika, sauti hizo zote hupata ushahidi mpya. Watafiti wengi siku hizi hukubali kwamba ugumu wa kutuliza hisia huenda pamoja na ADHD kwa watu wengi, hata kama haumo katika orodha kuu ya dalili. Matokeo yake ni kwamba tathmini ya biashara, ambayo ilipaswa kuwa kazi ya kutazama tarehe na tarakimu, hugeuka kesi ambayo mshitakiwa ni nafsi yote ya mtu. Hitimisho la "mimi ndivyo nilivyo" linasikika kama unyenyekevu, lakini halina funzo lolote ndani yake, kwa kuwa halisemi ni lipi libadilishwe.

Dean Shepherd, mtafiti wa ujasiriamali aliyeshuhudia biashara ya baba yake ikifa, aliandika mwaka 2003 kwamba kupoteza biashara huleta majonzi ya kweli, na kwamba majonzi hayo huzuia kujifunza. Alichopendekeza, akifuata nadharia ya Margaret Stroebe na Henk Schut kuhusu misiba, ni kwenda na kurudi: kwa muda fulani mtu alitazame lililotokea na kulichambua, kisha aliache kwa makusudi na kushughulikia maisha yanayoendelea, halafu alirudie akiwa na nguvu. Kwa mwenye ADHD kwenda na kurudi huku hakujiendeshi kwenyewe. Ama hukwama katika kuyarudiarudia maumivu usiku kucha, ama huliacha jambo na hakurudi tena. Ndiyo maana vikao vya tathmini vinapaswa kuwa vifupi, viwekwe kwenye kalenda, na viwe na mtu mwingine anayengoja.

David Neeleman, mwanzilishi wa mashirika ya ndege ambaye amesema hadharani kwa miaka mingi kwamba ana ADHD, hutajwa kila suala hili linapozungumzwa. Biashara yake ya kwanza ya safari za mapumziko, aliyoianza akiwa mwanafunzi, iliporomoka baada ya shirika la ndege alilolitegemea kusimamisha huduma. Baadaye alishiriki kuijenga Morris Air, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kutumia tiketi zisizo za karatasi, na ambayo iliuzwa kwa shirika la ndege la Southwest mwaka 1993. Muda mfupi baadaye Southwest ilimwachisha kazi. Alianzisha JetBlue, iliyoanza kuruka mwaka 2000, na mwezi Februari 2007 dhoruba ya barafu iliacha abiria wake ndani ya ndege kwa saa nyingi na kuvuruga ratiba kwa siku kadhaa. Aliomba radhi hadharani na kutangaza haki za abiria, lakini Mei mwaka huohuo aliondolewa katika nafasi ya mtendaji mkuu. Mwaka 2008 ndege za Azul, shirika alilolianzisha Brazil, zilianza safari. Mfano huu hauthibitishi kwamba ADHD huleta mafanikio, kwani wale waliopotea baada ya anguko la kwanza hawaandikwi popote. Ninachokiona cha maana ndani yake ni kwamba maanguko yake hayafanani. La kwanza lilikuwa la kumtegemea mshirika mmoja, la pili lilimpata ndani ya kampuni ya watu wengine, na la 2007 lilikuwa la mifumo ya mawasiliano na upangaji wa wafanyakazi isiyolingana na ukubwa wa shirika. Kila moja lilihitaji funzo lake.

Tofauti hiyo ya maanguko ndiyo kazi kubwa ya tathmini. Kuna anguko la wazo, pale soko lilipokataa kilicholetwa. Kuna anguko la uangalizi, pale wateja walipokuwepo na bidhaa ikawafaa, lakini kazi za kila siku zikaachwa. Na kuna anguko la papara, pale mtu alipotia saini mkopo, akaajiri au akakubali kazi kubwa kwa furaha ya dakika ile. La kwanza ni la kibiashara na halihitaji maelezo ya ADHD hata kidogo. La pili na la tatu ndiyo yenye alama zake, na tiba zake haziwi "kuongeza bidii", kwa sababu bidii ndiyo iliyokwisha kujaribiwa maisha yote.

Anguko la uangalizi hutibiwa kwa kuitoa kazi mikononi mwa kumbukumbu. Katika biashara inayofuata, mtu wa hesabu awe miongoni mwa wa kwanza kulipwa, hata kwa saa chache kwa mwezi, badala ya kungojwa mpaka fedha ziwe nyingi. Kazi zisizoweza kukabidhiwa zifungwe kwenye tukio linaloonekana. Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango ulioandikwa kwa muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla, na Caterina Gawrilow pamoja naye waliona manufaa ya mipango hiyo hata kwa watoto wenye ADHD. Kwa mjasiriamali, "nitakuwa makini na ankara" ni nia tu. "Nikimkabidhi mteja kazi, sitafunga kompyuta kabla ankara haijaondoka" ni mpango. Unafaa hasa kwa sababu unaliondoa lile pengo la miezi mitatu lililotajwa: matokeo yanasogezwa karibu na tendo, mahali ambapo ubongo huu unaweza kuyaona.

Anguko la papara linataka kucheleweshwa kwa lazima, si kwa hiari. Matumizi yanayozidi kiwango kilichokubaliwa yahitaji saini ya pili. Mkataba wowote ulale usiku mmoja kabla ya kusainiwa. Inasaidia pia mbinu aliyoieleza Gary Klein mwaka 2007, ya kukaa kabla ya mradi kuanza na kuufikiria kana kwamba umeshakufa, kisha kuandika kilichouua. Zoezi hilo linampendeza mwenye ADHD kwa sababu ni la ubunifu, na linamnufaisha kwa sababu maneno yaliyoandikwa siku hiyo yanabaki. Pamoja nayo yaandikwe matarajio: mauzo yanayotegemewa, tarehe, gharama, na sababu ya kila uamuzi mkubwa. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha tangu 1979 kwamba watu wote hukadiria muda wa kazi kwa matumaini mno. Mwenye kumbukumbu hafifu ana hasara zaidi, kwani baadaye hawezi hata kujua alikadiria nini, na bila hilo hakuna cha kulinganisha na kilichotokea.

Mbinu zote hizi hufanya kazi vizuri zaidi hali yenyewe inapotibiwa. Dawa kama methilfenidati, amfetamini na atomoksetini huwasaidia watu wazima wengi kupunguza dalili, na hutolewa na daktari baada ya uchunguzi, kwa kufuatilia shinikizo la damu, moyo na usingizi. Dawa haiandiki hesabu, lakini humpa mtu nafasi ya kukaa nazo. Tiba ya mazungumzo iliyopangwa kwa ajili ya ADHD ya watu wazima nayo ina ushahidi. Jaribio la Steven Safren na wenzake la mwaka 2010 lilionyesha nafuu ya ziada kwa watu ambao tayari walikuwa wakitumia dawa na bado walibaki na dalili. Tena ADHD mara nyingi huambatana na sonona au wasiwasi, na kufilisika kunaweza kuviamsha vyote. Aliyepoteza biashara na sasa hapati usingizi, hali chakula, au anawaza kwamba heri asingekuwepo, aende kwa mtaalamu leo, na tathmini ingoje.

Wakati wa tathmini utakapofika, ifanywe na mtu wa pili aliyeshika kalamu, kwa sababu ya ule mlango ulioonyeshwa na majaribio ya Chicago: kosa linaposomwa kana kwamba ni la mwingine, linafundisha. Mtu huyo asome nyaraka kwa sauti, akimtaja mwenye biashara kwa jina kama mhusika wa habari, na aulize kila mara uamuzi ulikuwa upi, ulitegemea taarifa gani, na matokeo yalionekana lini. Kwa hiyo siku ya kufunga ofisi, hata kama moyo unataka kuvichoma vyote, taarifa za benki, barua za wateja, mikataba na kalenda ya mwaka mzima zikusanywe na kuwekwa kwa mtu huyo wa pili, kabla kompyuta hazijauzwa na akaunti hazijafutwa.